Sura Moja, Wanasayansi Wengi: Kazi ya Akihiko Hirata Katika Filamu za Toho

Anayeanza kuzitazama filamu za mazimwi zilizotengenezwa na kampuni ya Toho ya Tokyo kati ya mwaka 1954 na 1975 hukutana mapema na jambo la kutatanisha. Katika filamu ya kwanza ya Godzilla, Dakta Serizawa, mwanasayansi kijana aliyeziba jicho moja kwa kitambaa cheusi, anakufa chini ya Ghuba ya Tokyo. Miaka miwili baadaye mtu yuleyule, safari hii akiwa na macho yote mawili, anaonekana katika filamu ya Rodan akiwa profesa anayechunguza mjusi arukaye wa kale. Tangu hapo hakomi kurudi: mara ni inspekta wa polisi, mara nahodha wa chombo cha angani, mara jasusi wa dola iliyozama baharini, mara ofisa katili wa jeshi la siri, na mara nyingi kuliko zote ni mtaalamu mwenye kazi ya kuwaeleza wengine ni hatari gani imewafika. Mtazamaji hujiuliza kama hawa ni ndugu, au ni mtu mmoja aliyefufuka, au kama Toho ilikuwa imeishiwa waigizaji.

Mtu huyo ni Akihiko Hirata, na wahusika wake hawana undugu wowote. Sababu ya kurudi kwake imo katika mambo mawili yaliyofungamana, nayo ni namna studio za Japani zilivyoajiri waigizaji wao, na namna Hirata mwenyewe alivyoitumia ajira hiyo kumjenga mhusika mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini: mwanasayansi anayelazimika kuamua ujuzi wake uwe mikononi mwa nani. Ninaamini kwamba kazi hiyo, ikitazamwa kwa mfululizo, ni miongoni mwa tafakuri nzito zaidi kuhusu sayansi zilizowahi kuwekwa kwenye filamu za kuwaburudisha watu wa kawaida, ingawa sehemu yake kubwa imo ndani ya filamu ambazo wahakiki wengi wa wakati huo walizipita bila kuziangalia mara mbili.

Tuanze na studio. Katika miaka ya 1950 mwigizaji wa Japani hakuwa mtu huru anayechagua kazi moja baada ya nyingine. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni, amefungwa na mkataba, na kampuni ndiyo iliyompangia filamu za kuigiza. Mwaka 1953 studio tano kubwa, yaani Shochiku, Toho, Daiei, Shintoho na Toei, zilifunga mapatano ya kutonyang'anyana waongozaji na waigizaji, na kwa sababu hiyo mtu aliyesaini na Toho alibaki Toho, apende asipende. Kumbi za sinema zilibadilisha filamu karibu kila wiki, kwa hiyo studio ilihitaji kundi kubwa la watu waliokuwa tayari kuvaa sare ya polisi Jumatatu na upanga wa samurai mwezi unaofuata. Takashi Shimura ni mfano ulio wazi: Aprili 1954 watazamaji walimwona akiwaongoza samurai saba katika filamu ya Akira Kurosawa, na Novemba mwaka huohuo wakamwona akiwa Dakta Yamane, mtaalamu wa viumbe vya kale, akimtazama Godzilla akitokeza juu ya kilima. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo kazi ilivyokuwa.

Ndani ya mfumo huo palikuwa na ngazi. Juu kabisa walikaa nyota kama Toshiro Mifune, ambao majina yao pekee yalitosha kuuza tiketi. Chini yao walikuwapo waigizaji ambao hawakuwa masteringi, lakini bila wao filamu isingesimama: Yoshio Tsuchiya, Kenji Sahara, Jun Tazaki, na huyu Hirata. Mwongozaji Ishiro Honda, aliyetengeneza nyingi kati ya filamu za mazimwi, aliwaita tena na tena kwa sababu aliwajua na wao walimjua.

Tena aliwahitaji kwa sababu ya kiufundi ambayo haisemwi vya kutosha. Filamu hizi zilipigwa na vikundi viwili. Honda aliwaongoza waigizaji, na Eiji Tsuburaya, bingwa wa picha za ujanja wa kamera, alifanya kazi kivyake katika studio iliyojaa majengo madogo, huku Haruo Nakajima akitembea ndani ya vazi la Godzilla ambalo la kwanza kabisa lilikaribia uzito wa kilo 100. Mwigizaji wa upande wa Honda hakuliona zimwi. Aliagizwa atazame mahali pasipo na kitu, kisha aseme kwa utulivu kwamba kiumbe huyo ana urefu wa mita 50 na kwamba ameamshwa na majaribio ya mabomu. Kama mwigizaji huyo hakuaminika, vazi la mpira lilibaki vazi la mpira hata lingeshonwa kwa ufundi gani. Imani ya watazamaji ilipitia usoni mwake kwanza, ndipo ikafika kwa zimwi.

Uso wa Hirata ulifaa kwa kazi hiyo kuliko wa mwenzake yeyote. Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1927 mjini Seoul, wakati Korea ikiwa chini ya ukoloni wa Japani, na jina lake la ukoo lilikuwa Onoda. Alisoma katika chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu, na Japani iliposalimu amri Agosti 1945 alikuwa hajatimiza miaka 18. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Tokyo na kusomea sheria, akafanya kazi kwa muda katika kampuni ya biashara, kisha mwaka 1953 akaingia Toho. Kaka yake, Yoshiki Onoda, alikuwa tayari katika kazi ya kuongoza filamu. Alikuwa mwembamba, mwenye mashavu yaliyobonyea, mkao wa mtu aliyelelewa kwa nidhamu, na namna ya kuzungumza iliyomfanya aonekane kama anayepima kila neno. Kizazi chake kiliandaliwa kwa vita, kikashuhudia vita hivyo vikiisha kwa mabomu mawili ya atomiki, kisha kikatakiwa kuijenga nchi kwa kutumia sayansi ileile. Sisemi kwamba Hirata aliigiza maisha yake mwenyewe, lakini watazamaji wa Kijapani wa mwaka 1954 hawakuhitaji kuelezwa kijana kama yule alikuwa ametoka wapi.

Filamu ya kwanza ya Godzilla ilitoka tarehe 3 Novemba 1954. Miezi minane kabla yake, tarehe 1 Machi, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa meli ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru. Aikichi Kuboyama, mwendesha redio wa meli hiyo, alifariki Septemba 23, wiki sita tu kabla filamu haijafika kwenye kumbi. Haya ndiyo mazingira ambamo Hirata, akiwa na umri wa miaka 26, alipewa nafasi ya Dakta Daisuke Serizawa.

Serizawa ni mtu aliyejifungia. Vita vimemwachia kovu usoni na kumnyima jicho moja. Familia zilitarajia amwoe Emiko, binti wa Dakta Yamane, lakini Emiko anampenda kijana mwingine aitwaye Ogata. Katika maabara yake ya chini ya ardhi amegundua kitu kinachoharibu oksijeni yote iliyomo majini na kuyeyusha kila chenye uhai, naye anakiita Kiangamiza Oksijeni. Tazama jinsi Honda anavyotufikishia jambo hili. Emiko anaingia maabara, Serizawa anadondosha kipande kidogo ndani ya tangi la samaki, na kamera haituonyeshi tangi. Inatuonyesha Emiko akipiga yowe na kuufunika uso wake kwa mikono. Tunabaki gizani pamoja na siri aliyoapa kuitunza, mpaka Godzilla anapoiteketeza Tokyo na hospitali zikajaa majeruhi; hapo ndipo Emiko anavunja kiapo, na sisi kwa mara ya kwanza tunawaona wale samaki wakibaki mifupa.

Eneo linalofuata ndilo lililomtambulisha Hirata kwa maisha yake yote. Emiko na Ogata wanakuja kumwomba aitumie silaha yake. Anakataa, na kukataa kwake si kwa woga wala kwa kiburi. Anahofia kwamba siku akiitumia mara moja, wanasiasa wa dunia hawataiacha, na silaha mpya itaongezwa juu ya mabomu ya atomiki na haidrojeni. Anajua pia kwamba kuchoma karatasi hakutoshi, kwa kuwa ujuzi umo kichwani mwake na mtu anaweza kulazimishwa kusema. Hirata halii wala hapazi sauti kwa muda mrefu. Anakaa, anainamisha kichwa, na mwili wake wote unaonekana kuelemewa. Kisha televisheni inaonyesha wasichana wa shule wakiimba sala ya amani kwa ajili ya mji ulioharibiwa. Anausikiliza wimbo, anaizima televisheni, na anaanza kuzitia karatasi zake motoni. Emiko ndiye anayelia, kwa kuwa ameelewa kabla ya Ogata maana ya tendo lile. Serizawa anateremka baharini akiwa amevaa vazi la wapiga mbizi, anamrudisha Ogata juu, anaiachilia silaha, halafu anakata kamba yake mwenyewe. Zimwi anakufa, na fomula inakufa pamoja na mtu pekee aliyeijua.

Watu wapatao milioni 9.6 walikata tiketi kuiona filamu hiyo, na tangu siku hiyo kila mara Hirata alipotokea kwenye skrini akiwa mtaalamu, kivuli cha Serizawa kilikuwa nyuma yake. Toho ililijua hilo, na ushahidi ulio dhahiri zaidi ni The Mysterians ya Desemba 1957, iliyoongozwa tena na Honda. Humo Hirata ni Ryoichi Shiraishi, mtaalamu wa nyota aliyevunja uchumba wake na Hiroko, na anayemwigiza Hiroko ni Momoko Kochi, yuleyule aliyekuwa Emiko. Shiraishi anatoweka, na anapojitokeza tena yuko pamoja na wageni kutoka anga za juu ambao sayari yao imeangamizwa kwa vita vya atomiki na ambao sasa wanadai ardhi ya Japani na wanawake wa kuoa. Amejiunga nao kwa hiari, kwa sababu anaamini kwamba watu wenye sayansi kubwa namna ile lazima wawe na hekima kubwa pia. Serizawa alikuwa na ujuzi asiuamini ulimwengu. Shiraishi anauamini ujuzi wenyewe bila kuuliza nani anaushika. Anapotambua kwamba ametumiwa, anailipua ngome ya wageni akiwa bado ndani yake. Kwa mara ya pili katika miaka mitatu Hirata amekufa pamoja na mashine, lakini mara ya kwanza alikufa ili kosa lisitendeke, na mara hii anakufa akilipa kosa alilokwisha kulitenda.

Haikuwa hivyo kila mwaka, na si haki kudai kwamba kila nafasi aliyopewa ilikuwa na uzito huo. Mwaka 1955 aliigiza Seijuro Yoshioka, mkuu wa chuo cha upanga anayeshindwa na Musashi, bingwa wa upanga aliyeigizwa na Mifune, katika filamu ya Hiroshi Inagaki, na mwaka 1962 alikuwa mmoja wa vijana tisa wa Sanjuro ya Kurosawa, ambapo anaonekana karibu muda wote bila kupewa mengi ya kusema. Alikuwa inspekta katika The H-Man mwaka 1958, daktari katika Mothra mwaka 1961, nahodha wa chombo cha angani katika Gorath mwaka 1962, na mtaalamu katika King Kong dhidi ya Godzilla mwaka huohuo. Mwaka 1961 alimwoa Yoshiko Kuga, nyota aliyekuwa amefanya kazi na Kurosawa, Mizoguchi na Ozu, yaani waongozaji ambao heshima yao duniani ilikuwa mbali sana na filamu za mumewe. Nyingi kati ya nafasi hizi ni kazi safi ya mwajiriwa hodari. Anaingia, anasema kinachotakiwa kusemwa, anaaminika, anatoka.

Kilichobadilisha mambo ni televisheni. Mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.1 kwa mwaka mmoja; miaka mitano baadaye idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 haikufika hata milioni 200. Bajeti zilibanwa, na filamu za mazimwi zikaelekezwa zaidi na zaidi kwa watoto. Katika hali hiyo sura iliyozoeleka ilianza kutumiwa kama ishara ya haraka. Katika filamu ya Godzilla ya Desemba 1966, yenye kamba mkubwa aitwaye Ebirah, Hirata anavaa tena kitambaa cha jicho, lakini sasa ni ofisa wa kundi la siri linalowatumikisha watu kama watumwa kisiwani ili litengeneze maji mazito kwa ajili ya silaha za nyuklia. Ni vigumu kuamini kwamba kitambaa kile kiliwekwa kwa bahati tu. Mtu aliyejiua ili silaha isizaliwe anarudi, kwa sura na alama ileile, akiwa msimamizi wa kiwanda cha silaha.

Televisheni iliyoidhoofisha studio ndiyo pia iliyompa Hirata watazamaji wapya. Katika Ultraman, mfululizo wa televisheni wa mwaka 1966 uliopewa jina la shujaa wake, aliigiza Dakta Iwamoto, mshauri wa kikosi cha kulinda dunia. Katika sehemu ya mwisho, iliyorushwa Aprili 1967, Ultraman mwenyewe anaanguka mbele ya Zetton, na zimwi huyo anauawa na binadamu wa kawaida kwa risasi iliyobuniwa na Iwamoto. Kwa watoto wa Japani wa kizazi kile, hapo sayansi ya Hirata ilishinda bila mtu kuilipia kwa uhai wake. Miaka mitano baadaye, katika mfululizo wa Rainbowman, aliwageukia watoto haohao akiwa Mister K, kiongozi wa kundi linalotaka kuwaangamiza Wajapani wote kwa chuki, na aliigiza kwa furaha ya wazi ambayo nafasi za wataalamu wapole hazikuwahi kumruhusu.

Mfumo wa mikataba ulikuwa unavunjika. Daiei ilifilisika mwaka 1971, Toho ikaacha kuwaajiri waigizaji kwa mishahara ya kudumu, na Tsuburaya alikuwa amekwisha kufariki Januari 1970. Kuanzia hapo, aliyemwita Hirata kwenye filamu ya Godzilla alimwita kwa kumchagua. Ndiyo maana filamu zake mbili za mwisho katika mfululizo huo zinastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1974, katika filamu iliyomtambulisha zimwi wa chuma Mechagodzilla, ni Profesa Miyajima, ambaye wageni wa angani wanamkamata na kumlazimisha aitengeneze mashine yao huku binti yake akiteswa ndani ya chumba cha mvuke. Anaitengeneza. Hofu ya Serizawa, kwamba mwenye ujuzi anaweza kushurutishwa, inatimia mbele ya macho yetu, tena kwa mtu mwema asiye na lawama.

Mwaka uliofuata ulileta Terror of Mechagodzilla, iliyoongozwa na Honda, kwa muziki wa Akira Ifukube, mtunzi wa filamu ile ya kwanza, na kwa muswada wa Yukiko Takayama, mwandishi kijana aliyekuwa ameshinda shindano la hadithi. Hirata, akiwa na umri wa miaka 47 na nywele zilizogeuzwa nyeupe, ni Dakta Mafune. Wenzake walimcheka aliposema kwamba kuna mjusi mkubwa baharini na kwamba anaweza kumwamrisha. Akafukuzwa, akaanguka katika ufukara, akampoteza mke wake. Binti yake Katsura alikufa katika ajali ya majaribio, na wageni wa angani wakamfufua kwa kumtia mitambo mwilini, kwa hiyo Mafune anadaiwa deni lisilolipika. Sasa anataka Tokyo iharibiwe. Mwishoni baba anauawa katika mapambano, na Katsura anajiua kwa kuwa kifaa cha kumwongozea Mechagodzilla kimefichwa ndani ya mwili wake.

Wako wanaoona kwamba Hirata alizidisha chumvi humo, kwa vicheko na kwa macho yaliyotumbuliwa, na kwa eneo moja moja wana haki. Lakini mpangilio mzima unasomeka vizuri ukiuweka kando ya mwaka 1954. Serizawa na Mafune wote wamejificha, wote wana jambo ambalo dunia hailijui, na wote wana mwanamke kijana anayewaunganisha na watu wengine. Tofauti ni kwamba Serizawa aliuogopa ulimwengu kwa ajili ya ulimwengu wenyewe, na Mafune anauchukia kwa ajili yake binafsi. Honda alipotaka kuonyesha mwanasayansi aliyeshindwa mtihani ambao Serizawa aliufaulu, alimpa kazi hiyo mtu yuleyule, na Hirata alikubali kuivunja sanamu yake mwenyewe. Filamu hiyo iliuza tiketi zipatazo 970,000 tu, idadi ndogo kuliko zote katika mfululizo, na Godzilla akapumzishwa kwa miaka tisa.

Toho ilipoamua kumrudisha, Hirata alikusudiwa kuwamo, safari hii akiwa Profesa Hayashida, lakini saratani ya mapafu ilikuwa imemdhoofisha. Alifariki tarehe 25 Julai 1984 akiwa na miaka 56, na nafasi hiyo ikachukuliwa na Yosuke Natsuki katika filamu iliyotoka Desemba mwaka huo. Jina la Serizawa lilivuka bahari baadaye: katika filamu za Hollywood za mwaka 2014 na 2019, Ken Watanabe anaigiza mwanasayansi mwenye jina hilo la ukoo, naye pia anakufa chini ya bahari. Lakini wa Hollywood anakufa akilipua kombora la nyuklia ili kumfufua Godzilla. Ninaheshimu uigizaji wa Watanabe, ila kama ni kumuenzi Serizawa wa Hirata, basi ni kumuenzi kwa kumpindua, maana yule alikufa ili silaha ya maangamizi isimfae mtu yeyote, hata kwa nia njema.

Anayetaka kuifuata kazi hii mwenyewe aanze na Godzilla ya Kijapani ya dakika 96. Nakala iliyotolewa Marekani mwaka 1956 ina dakika 80. Iliongezewa mwandishi wa habari Mmarekani aliyeigizwa na Raymond Burr, ikamfanya Serizawa kuwa rafiki yake wa zamani, na ikapunguza mazungumzo ambayo ndiyo kiini cha nafasi ya Hirata. Nakala kamili ilikuwa adimu nje ya Japani kwa miaka mingi, lakini leo inapatikana. Kisha aiangalie The Mysterians, aruke hadi Terror of Mechagodzilla, na zote tatu azitazame kwa Kijapani chenye tafsiri ya maandishi, kwa sababu mwigizaji aliyetegemea sauti tulivu kiasi hicho hupoteza nusu ya kazi yake anapotiwa sauti ya mtu mwingine.